Barua ya wazi kwa wasindikaji wa vyakula: anzeni kuitaja karanga hapa nyumbani

Kwenu akina mama na akina baba mnaosaga, mnaokaanga, mnaokausha na kufungasha vyakula, kuanzia Mtwara na Lindi hadi Tanga, Unguja na Pemba,



Nawaandikia kuhusu mistari miwili mitatu iliyo nyuma ya pakiti, ile inayobanwa kwa herufi ndogo kati ya picha na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni orodha ya viambato. Msindikaji akishapata mnunuzi wa nje, swali ninaloletewa huwa lilelile: "Lebo ya Ulaya inaandikwaje?" Anataka nimpe maneno ayapeleke kwa mchapaji kabla duka halijafungwa. Maneno si siri, nitayaeleza humu humu. Ila kwanza niseme lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kiwanda kisichojua kuitaja karanga kwenye pakiti inayouzwa Kariakoo hakitaweza kuitaja kwa ukweli kwenye pakiti inayokwenda Rotterdam. Kitanakili lebo ya mwenzake, basi.

Sumukuvu mnaijua. Tangu watu walipofariki Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa kula nafaka zenye sumukuvu, ni nadra mafunzo ya usindikaji kupita bila kuitaja, na wengi wenu siku hizi mnachambua karanga kwa mkono kabla ya kukaanga. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini imetuachia dhana moja, kwamba hatari ya chakula ni lazima iwe uchafu, ubovu au ukungu. Mzio, au aleji kama tunavyoiita mitaani, hauko hivyo. Karanga yaweza kuwa kavu, mpya, safi, imepita maabara na kupewa cheti, na bado ikamuua mtu, kwa sababu kinga ya mwili wake huzishambulia protini za karanga kana kwamba ni adui. Kukaanga hakuziondoi protini hizo. Kiasi kidogo tu, vumbi lililobaki kwenye chekeche, kinaweza kutosha. Midomo inavimba, njia ya hewa inabana, presha inaanguka, na mtu asipochomwa sindano ya adrenalini mapema anaweza asifike hospitali. Kwenye sumukuvu kosa ni la karanga yenyewe. Kwenye mzio karanga haina kosa lolote. Kosa ni la karatasi ambayo haikuitaja.

Najua mnachojibu hapo, maana nimejibiwa hivyo ukumbini, sokoni na hata ofisini: hayo ni magonjwa ya Wazungu, sisi watoto wetu wamekulia karanga. Lakini watafiti wa Afrika Kusini waliwapima watoto wadogo wa Cape Town wakakuta takriban asilimia 2.5 wana mzio wa chakula uliothibitishwa. Kwenye vijiji vya Eastern Cape ilikuwa karibu asilimia 0.5. Dar es Salaam ya leo inafanana zaidi na Cape Town au na vijiji vile, kila mmoja ajijibie. Na hata ile nusu asilimia, ukiipigia hesabu ya watu wa nchi hii, si watu wa kupuuzwa. Mtoto wa Mbagala akila kashata akavimba uso, nyumbani watasema kaumwa na mdudu au kachafukwa damu. Hatuna takwimu kwa sababu hatujaandika. Tusigeuze kutoandika kwetu kuwa ushahidi kwamba jambo halipo.

Sasa chukueni unga lishe, kwa kuwa ndiyo bidhaa ambayo karibu kila kikundi kinayo. Mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, ngano, na kwa wale wanaolenga watoto wenye utapiamlo, dagaa waliosagwa. Kwa macho yetu huo ni uji wa mtoto. Kwa macho ya afisa wa bandari ya Rotterdam au ya New York hapo kuna vyakula vinne vinavyotambuliwa kisheria kuwa vinaleta mzio, vyote ndani ya mfuko mmoja wa kilo moja: karanga, soya, ngano na samaki. Nimeshika pakiti za unga lishe zilizoandikwa mbele "nafaka mchanganyiko na virutubisho", na nyuma "viambato: nafaka bora zilizochaguliwa". Nafaka bora zilizochaguliwa! Soya si nafaka, karanga si nafaka, na dagaa ndiyo kabisa. Mwandishi wa pakiti ile hakuwa na nia ya kumficha mtu kitu. Aliona ni maneno ya kuvutia mteja. Ila pakiti hiyo ndiyo inayobebwa kwenye sanduku la shangazi anayekwenda kumwona mjukuu Minnesota, na baadaye duka la Waafrika la huko linaipenda, linaagiza katoni, na msindikaji anasema sasa ameingia soko la nje.

Ameingia, ni kweli. Na akishaingia, sheria zinazomsubiri ni hizi.

Marekani ina sheria ya mwaka 2004 iliyoanza kutumika 1 Januari 2006, ikitaja vyakula vinane: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, kokwa za mitini kama korosho na lozi, ngano, karanga na soya. Mwaka 2021 Bunge lao likaongeza cha tisa, ufuta, na tangu 1 Januari 2023 ni lazima utajwe. Kwa nchi inayolima ufuta kama yetu, kuanzia Lindi na Mtwara hadi Dodoma, tarehe hiyo ilipaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ghala. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, inayotumika tangu 13 Desemba 2014, na makundi yake ni 14. Humo kuna vitu ambavyo Wamarekani hawakuviweka kwenye orodha yao: haradali, seleri, lupini, moluska kama pweza, na salfaiti zikizidi miligramu 10 kwa kilo. Uingereza, ingawa imetoka kwenye Umoja, imeshikilia makundi hayohayo 14. Kwa hiyo pweza wa Kilwa akiwa ndani ya mchuzi wa kopo ni suala la mzio akifika Hispania, na si suala la mzio akifika Boston. Embe lililokaushwa likapewa salfa ili libaki na rangi ya dhahabu, vivyo hivyo lina maswali ya kujibu Ulaya.

Nchi za Ghuba, ambako wengi wa Zanzibar na Mombasa mna jamaa na wateja, zinataka lebo iwe kwa Kiarabu. Australia na New Zealand tangu Februari 2024 hawakubali tena neno la jumla la kokwa. Wanataka jina, korosho iitwe korosho na makadamia iitwe makadamia. Marekani nako ni hivyo kwa kokwa, na kwa samaki pia: ukiandika samaki tu hujaandika, taja ni samaki gani.

Kuhusu namna ya kuandika, Ulaya wanataka jina la chakula kinacholeta mzio lionekane tofauti ndani ya orodha yenyewe ya viambato, kwa herufi nene, kwa rangi ya nyuma au kwa mtindo mwingine wa herufi, kila linapojitokeza. Marekani wanakupa njia mbili: kulitaja ndani ya orodha kwa jina linaloeleweka, au kuweka sentensi ya "ina karanga, soya, ngano" mara baada ya orodha. Wengi wenu mmenakili ile sentensi ya Kimarekani mkaiweka kwenye lebo ya Ulaya mkidhani mnaongeza usalama. Ulaya, pakiti yenye orodha ya viambato haitakiwi kurudia vizio hivyo, yaani vyakula vinavyoleta mzio, kwenye kisanduku cha pembeni. Mkitaka lebo moja ipunguze maumivu pande zote mbili, andikeni majina kamili ndani ya orodha, kwa herufi nene, kwa lugha ya nchi ile, na orodha ifuate makundi 14 ya Ulaya kwa sababu ndiyo mapana zaidi. Hapo mchapaji wenu atakuwa amepata maneno yake.

Kazi iliyobaki iko ghalani na kinuni.

Kusini mnaelewa jinsi mzigo unavyozunguka. Ufuta unaingia ghalani kuanzia Mei na Juni, mbaazi zinafuata, kisha korosho kuanzia Oktoba. Ghala ni lilelile, lori ni lilelile, na gunia mara nyingi limeshabeba kitu kingine kabla. Aliyenunua korosho kwa ajili ya kukaanga na kufungasha amenunua pia chembe za ufuta zilizobaki kwenye mshono wa gunia, na hajui. Mnunuzi wa nje akituma fomu yenye swali "je, malighafi yako imegusana na ufuta?" tunaweka alama kwenye hapana, maana ufuta hatuutumii. Swali lakini halikuuliza kama mnautumia. Liliuliza kama umegusana.

Kisha kuna kinu cha mtaa. Asubuhi mama mmoja anasagisha karanga, wa pili analeta soya, wa tatu ngano, na jioni mnapeleka muhogo wenu mkavu, mweupe, wa kuandikwa "hauna gluteni" kwa sababu mmesikia ndiyo dhahabu ya sasa. Muhogo wenyewe kweli hauna gluteni, ile protini ya ngano. Lakini maneno hayo, Ulaya kama Marekani, yanaruhusiwa tu pale gluteni isipozidi miligramu 20 kwa kilo ya chakula kilichomo kwenye pakiti, na unga wa ngano uliobaki kwenye mawe ya kinu na kwenye mfuko wa kitambaa wa kupokelea unatosha kabisa kuwavusha hapo. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni humdhuru, hanunui unga wa muhogo kwa sababu ni mtamu. Anaununua kwa sababu lebo imemwambia asiogope. Katika ahadi zote za kwenye pakiti, mimi hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa inamwita mgonjwa kwa jina lake. Kama hamna kinu chenu wenyewe, kisichopita ngano, iacheni. Andikeni "unga wa muhogo" mtauza tu.

Kuna suala la viungo vya dukani ambalo linawakamata hata wazoefu. Chukueni achari ya maembe, ile nzuri ya pwani. Mama anajua kaweka embe, pilipili, chumvi, mafuta, haradali na mvuje. Haradali Ulaya ni kizio cha mzio, tumeshasema. Mvuje je? Ule wa unga unaouzwa kwenye vikopo kwa kawaida haukai peke yake. Umechanganywa na unga, na mara nyingi ni wa ngano, ili usiwe mkali mno na usigande. Basi achari isiyokuwa na hata punje ya ngano jikoni kwenu ina ngano ndani yake. Sosi ya soya mliyopakia kwenye korosho za pilipili kwa kawaida ina soya na ngano. Ile "masala ya kukaangia" mnayonunua kwa kilo ina orodha yake ndefu, na mara nyingine ina unga wa maziwa. Kila kiungo cha kununua kina viungo ndani yake, na vyote ni vyenu mara tu mlipofungua mfuko wake.

Na si kwamba kikopo cha viungo kinasema kweli daima. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 bidhaa nyingi ziliondolewa sokoni Marekani kwa sababu binzari nyembamba ya kusaga ilikutwa na protini za karanga. Septemba 2024 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ikawaonya watu wenye mzio wa karanga waepuke vyakula vyenye haradali, baada ya haradali iliyotoka India kukutwa na karanga. Tafadhali isomeni tena sentensi hiyo mlio Tanga, Zanzibar na Mombasa, maana haradali ya achari zetu inatoka upande huohuo wa bahari. Aliyenunua haradali kwenye gunia lisilo na jina la mzalishaji wala namba ya bechi hana hata wa kumuuliza.

Linaloniuma zaidi ni kubadilisha kiungo bei inapopanda. Korosho imepanda, kashata ya korosho inaongezwa karanga kidogo, pakiti inabaki ileile. Mafuta ya alizeti yamekosekana, yanaingia ya karanga au ya ufuta. Jikoni tunaita ujanja wa biashara. Mwaka 2014 mteja mmoja wa mgahawa huko kaskazini mwa Uingereza, mwenye mzio wa karanga, alifariki baada ya kula mchuzi aliokuwa amehakikishiwa hauna karanga. Mwenye mgahawa, Mohammed Zaman, alikuwa ameacha kununua unga wa lozi akanunua mchanganyiko wa bei nafuu wenye karanga. Mwaka 2016 mahakama ilimfunga miaka 6 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Hakuwa na kinyongo na mteja wake. Alibana matumizi.

Ufuta nao una jina la mtu. Natasha Ednan-Laperouse alikuwa na miaka 15 alipofariki Julai 2016 baada ya kula mkate wa kujazwa alionunua uwanja wa ndege wa Heathrow. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga wa mkate wenyewe, hauonekani kwa juu, na kwa kuwa mkate ulitengenezwa hapohapo dukani, sheria ya wakati ule haikulazimisha uwe na lebo ya viambato. Wazazi wake walipigania jambo hilo mpaka sheria ikabadilishwa; tangu 1 Oktoba 2021 chakula kilichofungashwa palepale kinapouzwa Uingereza lazima kiwe na orodha kamili, na vizio vya mzio vikolezwe. Ninawatajia kisa hiki kwa kuwa mnaouza ufuta nje mara nyingi huusikia kama bei ya kilo mnadani. Kwa wengine huko ng'ambo ni kitu cha kutafuta kwenye lebo kabla ya kutia tonge mdomoni.

Sasa wajanja mmeshapata dawa: kuandika "huenda ina chembechembe za karanga, soya, ngano, maziwa, mayai, samaki na ufuta" kwenye kila kitu, hata kwenye chumvi. Naomba nikae hapa kidogo. Tahadhari hiyo ina nafasi yake, pale ambapo mmesafisha, mmetenganisha, mmepanga zamu za uzalishaji, na bado kuna hatari isiyokwisha. Haikuwekwa iwe badala ya ufagio. Wamarekani wenyewe walilionja hili: ufuta ulipoingia kwenye sheria yao, baadhi ya viwanda vya mikate viliona kusafisha mitambo ni gharama, vikaamua kuongeza unga wa ufuta kidogo kwenye mikate ili viuandike tu yaishe. Waliokuwa wakila mikate hiyo miaka yote bila shida wakajikuta hawana mkate. Na Juni 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, iliiandikia barua ya onyo kampuni kubwa ya Bimbo Bakeries kwa kutaja kwenye orodha ya viambato ufuta na kokwa ambazo hazikuwamo kwenye mikate yenyewe. Kutaja kisichokuwamo nako ni lebo ya uongo. Mgonjwa anayekuta onyo kwenye kila pakiti ataacha kulisoma, na siku moja litakuwa la kweli.

Mnaweza kufanya nini bila kununua mtambo mpya? Mengi, na ya kawaida. Pangeni siku: kisicho na kizio kianze asubuhi, chenye karanga kije mwisho, kisha usafi mkubwa. Chekeche, ndoo na miko vya karanga viwe na rangi yake, visiguse kingine. Msipulize vumbi kwa kompresa. Mnalihamishia kwenye dari na kesho linarudi. Fagieni, futeni, na kinu kipitishwe mahindi ya kusafishia ambayo yatakwenda kwenye chakula cha kuku. Kashata zilizovunjika zisirudishwe kwenye bechi nyingine isiyokuwa ya aina ileile. Hapo ndipo karanga huingia kwenye kashata ya nazi bila mtu kuiona. Vipo vipimo vidogo vya ukanda, unachovya dakika chache unaona mstari, vinavyoonyesha kama protini ya karanga imebaki kwenye mashine baada ya kusafisha. Si lazima kila siku, lakini mara moja moja vinaumbua. Anayetaka kusoma kwa kina, Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ilitoa mwaka 2020 mwongozo mzima wa kudhibiti vizio vya mzio viwandani, na unapatikana bure.

Tena sheria hazikai. Kwa miaka mingi FDA iliihesabu nazi kuwa miongoni mwa kokwa za mitini, ikabidi kashata ya nazi iliyokwenda Marekani iandikwe hivyo. Januari 2025 nazi ikaondolewa kwenye orodha hiyo. Ulaya haikuwahi kuiweka. Inabaki kuwa kiambato, mtaitaja kama kiambato, lakini haitangazwi tena kama kizio. Mwenye pakiti za mwaka 2022 alizochapisha kwa maelfu anaziona bado mpya kwa sababu rangi haijapauka. Mtu mmoja kwenye kila kikundi apewe kazi ya kukagua sheria za nchi mnazouzia kila mwaka, kama mnavyomteua mweka hazina.

Nageukia kidogo ndugu zetu wa mashirika ya viwango, TBS na ZBS, na wa SIDO ya viwanda vidogo, ambao najua mtaisoma barua hii. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kimeshataka vyakula vinavyoleta mzio vitajwe. Novemba 2024 Tume ya Codex ilirekebisha kiwango chake cha lebo na kuuingiza ufuta kwenye orodha ya msingi ya dunia. Kwa hiyo hatuna haja ya sheria mpya ili kuanza. Nawaombeni mkaguzi akifika kiwandani, baada ya kuangalia koti jeupe na dari, aulize chekeche la karanga liko wapi na liko mbali kiasi gani na la muhogo. Na chapeni orodha ya vizio kwa Kiswahili cha kawaida, karatasi moja ya kubandika ukutani, yenye majina ya vitu vya hapa: dagaa, sangara, pweza, ufuta, mvuje wa unga. Anayesaga unga wa mtoto hahitaji kutafuta kamusi.

Narudi kwenu. Kwa nini nang'ang'ania Kariakoo wakati mnataka kwenda Rotterdam? Kwa sababu anayeijaza pakiti ni yuleyule. Binti mnayemwajiri kufungasha hawezi kuwa na tabia mbili, moja ya Jumatatu ya oda ya nje na nyingine ya Jumanne ya soko la ndani. Akizoea kwamba kila mfuko unaofunguliwa unaandikwa kwenye daftari na namba yake ya bechi, kila mahali ni hivyo. Akizoea kwamba lebo ni mapambo isipokuwa kwa wageni, siku ya oda ya nje atapamba pia. Shehena ikirudishwa, aliyeingiza mzigo ndiye anayebeba jina baya mbele ya mamlaka ya kwao. Atalipa gharama, atawaandikia barua pepe fupi ya heshima, na hatapiga simu tena. Vizio visivyotajwa ni miongoni mwa sababu kubwa za vyakula kuondolewa sokoni Marekani. Si sumu, si vioo. Maneno yaliyokosekana.

Na mteja wa Kariakoo si wa daraja la pili. Mama anayenunua unga lishe wenu kwa ajili ya mtoto wa miezi minane ana haki ileile ya kujua kuna karanga ndani kama mama wa Amsterdam.

Wengi mtaniambia mnakubali yote haya, kinachowakwamisha ni vifungashio. Mchapaji anataka oda ya maelfu, pakiti za zamani zimejaa stoo, na kuzitupa ni kutupa mtaji. Nawaelewa. Stika yenye orodha sahihi, iliyobandikwa kikamilifu juu ya ile ya zamani ili isionekane tena, ni bora kuliko kusubiri pakiti ziishe. Na kwa oda ya nje, mwulizeni mnunuzi kwanza kama nchi yake inaikubali. Nawaomba mnisaidie jambo moja. Ulizeni wachapaji wa miji yenu bei ya stika mia mbili, si elfu kumi, zenye orodha ya viambato kwa herufi nene, na mniletee majibu kupitia vikundi vyenu. Nitayapanga kwa mji na bei, kisha nitayarudisha kwenu ili wa Masasi ajue kwamba labda Dodoma kuna anayechapa kwa idadi ndogo.

Wenu katika kazi hii ya chakula,

Mdhibiti ubora, Dar es Salaam